Niache pombe kwanza ndo niende kwenye kikundi?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nina miaka 41, nakunywa kila siku huu mwaka wa kumi na mbili, asubuhi mikono inatetemeka mpaka nipate kidogo ndo inatulia. Nimesikia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe karibu na ninapokaa ila naona aibu kwenda nikiwa hivi, nimepanga nijifungie ndani wiki mbili niache kabisa ndo niende. Dada yangu kaniletea unga wa kuachisha pombe, kaambiwa unakata hamu kwa siku 3. Unanishauri nini?

JIBU: Ndugu yangu, usijifungie. Hiyo mikono ndo imenifanya nikujibu haraka, maana mikono ya kutetemeka asubuhi na kutulia ukishapata kidogo ni arosto, mwili umezoea pombe na hauwezi tena kukaa bila hiyo. Mtu wa hivyo akikata ghafla, dalili zinaanza ndani ya masaa machache tu, na ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kudondoka kifafa hata kama maisha yake yote hajawahi kuwa nacho, halafu kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanachanganyikiwa kabisa, homa, jasho, wanaona wadudu ukutani, na hali hiyo inaua. Nilishapokea mzee kaletwa na wanae siku ya pili ya kujifungia, kajing'ata ulimi mpaka shati lote mbele damu, na nyumbani walikuwa wanamkemea mapepo toka usiku. Kumbe ni pombe imekatwa ghafla.

Kwa hiyo anza kwa daktari, kesho, na umwambie kiasi unachokunywa kwa ukweli bila kupunguza. Kuna dawa za kukuvusha siku hizo za mwanzo na dozi inashushwa kidogo kidogo, na utapewa vitamini B1 maana pombe inaimaliza mwilini. Mpaka umuone, usikate ghafla.

Sasa hili la "niache kwanza ndo niende" nalisikia kila wiki na linaniuma kweli, kwa sababu watu wanapoteza miaka hapo. Wanaacha siku tano, wanarudia, wanaona aibu zaidi, kikundi kinazidi kuwa mbali. Nani aliwaambia kule wanakaa watu safi? AA, yaani Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, ilianza 1935 kule Akron, Ohio, Marekani, na walioianzisha ni walevi wawili, mmoja alikuwa dokta wa upasuaji, na mpaka leo sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, uwe na hamu ya kuacha kunywa. Hamu ndugu yangu, sio cheti cha kuacha. Hakuna kiingilio wala ada, kinapita kikapu tu, mwenye nacho anaweka. Unataja jina lako la kwanza, na ukiona zamu inakufikia useme "leo nasikiliza tu" wanapita kwa anayefuata, hakuna atakayekukodolea macho. Na utashangaa, yule anayefungua kikao atasema ana miaka tisa soba na jirani yake atasema ana siku mbili, wote wanapigiwa makofi.

Kukipata sio kazi, tovuti ya AA ina sehemu ya kutafuta vikao na vipo pia vya mtandaoni, au uliza kliniki ya afya ya akili. Kama unaenda na mtu asiye mnywaji uliza kikao cha wazi, maana cha ndani ni cha wenye tatizo peke yao. Cha kwanza kikikuchosha jaribu kingine, vikundi havifanani, na kama mambo ya kiroho ya AA hayakukai kuna vikundi vingine vya kuacha, SMART Recovery, havina hayo.

Huo unga sasa. Mtu anayekuuzia kitu cha kumaliza uraibu kwa siku 3 muulize jina la dawa iliyomo, hatakwambia. Dawa halali za kusaidia kuacha zipo na zina majina yake, naltrexone, acamprosate, disulfiram, na hakuna hata moja inayomaliza kazi kwa siku 3. Na wakati wenye unga wanasema vikundi ni porojo, mwaka 2020 Cochrane, taasisi inayokagua tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000 wakaona AA inasaidia watu kukaa bila kunywa kabisa, mara nyingi kuliko tiba nyingine za ushauri. Unga wao umepimwa na nani?

Mbaya zaidi ni wanaoambiwa wamwekee mlevi kwenye chakula asijue. Jamani wake, akina mama, akina dada, nawaomba, msifanye hivyo. Ikiwa ni disulfiram na yeye akanywa, anawaka uso, anatapika, moyo unaenda mbio, presha inaanguka, na mwenye moyo mbovu anaweza kufia hapohapo. Tena hata dawa mkishaisimamisha inabaki mwilini mpaka wiki mbili. Disulfiram anapewa mtu anayejua na aliyekubali, basi. Nyie wa nyumbani mna kikundi chenu pia, Al-Anon, toka 1951, na mnaweza kwenda hata kama yeye bado anakunywa na hataki kusikia habari ya kuacha.

Huo unga usiutupe, nenda nao kwa daktari na pakiti yake auone.