Umeombwa ukafungishe ndoa ya rafiki yako Ujerumani? Soma hii kwanza

Wiki iliyopita mchungaji mmoja kijana kanitumia meseji usiku: "Baba mchungaji shikamoo, rafiki yangu wa damu anaoa Ujerumani na anataka mimi ndo nimfungishie ndoa, nianzie wapi?" Nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akauliza kuna nini. Mwaka juzi mimi nilikuwa huyohuyo kijana, tena mwenye mbwembwe zaidi.

Niko umisionari kaskazini mwa Msumbiji, mwaka wa sita sasa. Jamaa yangu tulisoma wote chuo cha Makumira, tumekula sahani moja, tumegawana mpaka vocha, baadaye yeye akaachana na theolojia akaenda zake Wuppertal kusomea unesi na hukohuko akampata shemeji, Mjerumani. Akanipigia: "Kaka, usipokuja wewe mimi sioi." Sasa ukiambiwa hivyo utasemaje? Mambo ya visa naruka, mnayajua wenyewe.

Kwenye begi nilibeba kanzu, stola, na leseni yangu ya kufungisha ndoa, nimeitoa kopi tatu na wakili kagonga muhuri. Maana kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua mchungaji mwenye leseni, mnatoa taarifa, siku 21 zinapita, mnafunga kanisani na cheti mnasaini palepale, kazi imeisha. Mimi nikajua dunia nzima iko hivyo.

Nimefika Alhamisi. Ijumaa asubuhi jamaa ananiambia twende mjini mara moja kuna ofisi tunasaini vitu. Mimi huyo, raba miguuni na koti la kuazima. (Ningekuwa na akili ningeshtukia mwenzangu mbona kapiga suti.) Tukaingia chumba kimoja kina viti na maua, mama mmoja wa serikali mwenye koti la kijivu akasoma karatasi weee, akawauliza, huyu "Ja", huyu "Ja", watu makofi, tukatoka nje tukapewa glasi za mvinyo wa mapovu. Haikufika nusu saa. Nikamuuliza dada mmoja pembeni kwa Kiingereza changu, samahani, hii ilikuwa nini? Akanitazama kama nimeshuka mwezini. "Wameoana."

Jamani niliumia. Safari yote ile, kopi tatu zina muhuri, halafu ndoa inafungwa mimi nimesimama nyuma na raba! Usiku nikamwambia, akashangaa kweli, "Si nilikwambia Ijumaa ni serikalini?" Labda alisema. Mimi nilisikia Jumamosi tu.

Iko hivi. Ujerumani ndoa ya kisheria ni ile ya ofisi ya serikali, wanaiita Standesamt, tangu enzi za kansela wao Bismarck huko, karne ya 19. Mpaka mwisho wa 2008 kanisa lilikuwa haliruhusiwi hata kutangulia, 2009 sheria ikalegea, ila Waluteri na wenzao wa Kiinjili bado wanataka cheti cha serikali kwanza. Kwa hiyo hata askofu wako aende na leseni yake, kanisani anabariki tu. Na hata hiyo kubariki unaomba, kanisa lina mchungaji wake. Yule mama mchungaji mwenyeji alikuwa kanitumia imeili mbili kabla, anaomba barua ya utambulisho na mstari wa mahubiri, mimi sikujibu, nikasema huyu anauliza nini wakati bwana harusi ni rafiki yangu. Ushauri namba moja: jibu imeili.

Namba mbili, wao maharusi ndo wanachagua mstari. Hawa walichagua Ruthu 1:16, "wewe uendako nitakwenda", mimi nimekuja na Waefeso 5 yangu nimeiandaa kuanzia Msumbiji. Niliambiwa dakika 12. Nikaenda 31 na mkalimani juu, mpaka mzee wa kanisa kule nyuma akawa anagonga saa yake kwa kidole, mimi nikadhani anasisitiza point. Kilichoniokoa ni mwishoni nilipokumbuka kusema kwamba Ruthu yale maneno hakumwambia mume, alimwambia mama mkwe. Mama yake jamaa, katoka Marangu na kitenge chake mstari wa mbele, akaitikia "Ndiyoo!" kanisa zima likacheka bila hata mkalimani.

Watumishi wenzangu, tunapenda sana kushika maiki. Rafiki akikuita unadhani umeitwa uendeshe shoo, kumbe umeitwa uwepo. Tuache hayo. Uliza mapema, uliza tena, na usimkasirikie rafiki kwa sheria za nchi ambazo hakuzitunga yeye. Nayasema haya na bado nikikumbuka zile raba naona aibu.

Nje ya kanisa walikuta gogo limewekwa na msumeno wa watu wawili, desturi yao, maharusi wanalikata pamoja watu wakishangilia. Msumeno ukakwama katikati, jamaa akavua koti, shemeji akacheka mpaka akakaa chini na gauni jeupe. Wakati huo mama mchungaji akaniita ndani, kafungua cheti cha kanisa mezani, kumbe kaacha nafasi chini ya jina lake. Akanipa kalamu. Leseni sikuulizwa na mtu, zile kopi tatu ziko kwenye bahasha mpaka leo.

Kijana, nitumie tarehe ya harusi. Na hiyo imeili ya mchungaji mwenyeji, umeshaijibu?