Krispi za mbatata kugeuka kahawia: si mafuta, na wala si yurea peke yake

Dada yetu wa Wete ameuliza kwa nini krispi zake hutoka kahawia na chungu ilhali mafuta ni mapya na mbatata ni za aina ile ile, na mchangiaji mmoja amemshauri amwambie mkulima aache kabisa kutia yurea, yaani mbolea ya naitrojeni. Mimi nakaanga krispi hapa Mwanakwerekwe kwa mbatata za Njombe, na kwa niliyoyaona, ushauri huo ni nusu ya ukweli.

Rangi ile hutokea pale sukari za glukosi na fruktosi zilizomo ndani ya mbatata zinapokutana na asidi amino (vijenzi vya protini) katika mafuta ya moto. Asidi amino huru iliyo nyingi zaidi katika mbatata ni asparajini, nayo ndiyo inayozaa akrilamaidi, kemikali ambayo watafiti wa Sweden waliitangaza mwaka 2002 kuwa imo katika vyakula vya kukaangwa. Naitrojeni ikizidi, asparajini huongezeka, majani hukawia kukauka, na mbatata huvunwa zikiwa bado changa, zenye maji mengi na wanga mdogo. Lakini mmea ulionyimwa naitrojeni nao una balaa lake: majaribio ya Ubelgiji, kwa mbatata zilizovunwa mwaka 2003, yalionesha kwamba mbolea hiyo ilipopunguzwa, sukari iliongezeka na akrilamaidi ikapanda pamoja nayo.

Kwa hiyo mimi huuliza zaidi ilitiwa lini kuliko ilitiwa kiasi gani. Msimu mmoja mvua iliikokota mbolea ya mwanzo, na mkulima wangu, kwa nia njema, akarudia yurea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, wakati mimea imeshatoa maua. Magunia yaliponifikia, ganda lilichunika kwa kidole gumba. Krispi zilipiga weusi pembeni na zikanywa mafuta kupita kiasi, kwa kuwa mbatata yenye maji mengi huacha nafasi kubwa ya mafuta kuingia. Nikazidisha kosa kwa mkono wangu mwenyewe: zilizobaki nikazitia frijini zisioze, nami sikujua kwamba chini ya nyuzijoto 8 hivi wanga hugeuka sukari. Zile ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote.

Sasa tumepatana kwamba yurea yote iwe imekwisha kutiwa wakati wa kupandishia udongo kwenye matuta, kisha mashina yaachwe yakauke na mbatata zikae ardhini wiki mbili hivi hadi ganda likomae. (Wanaofikiria kuzilima hapa Unguja tusidanganyane, usiku wetu una joto mno kwa mbatata kutunga vizuri.)

Kabla ya kulipia gunia, dada yangu, yeyusha gramu 120 za chumvi katika lita moja ya maji, utumbukize mbatata chache. Zinazozama zina wanga wa kutosha. Zinazoelea zipeleke kwenye urojo. Kipimo hicho hakioneshi sukari, kwa hiyo kaanga vipande vichache kwanza. Vikigeuka kahawia, chovya vibichi vilivyobaki katika maji ya moto kwa dakika mbili au tatu, uvikaushe kwa kitambaa, ndipo uvitie karaini. Sehemu ya sukari hubaki katika maji hayo.