Nyama za pua: upasuaji unafungua njia, dawa ndiyo inayoendelea na kazi

Dada wa Nakuru uliyeuliza kama mumeo akubali upasuaji wa nyama za pua au aachane nao kwa sababu "zinarudi tu": mimi nilifanyiwa hapa Kisumu, na ninasema akubali, mradi mjue kazi ya ule upasuaji ni ipi.

Kurudi zinaweza kurudi, kwa sababu kisu hakigusi chanzo. Zile ni utando wa ndani ya pua na sainasi (vijichumba vya hewa kwenye mifupa inayozunguka pua) uliovimba muda mrefu mpaka ukaning'inia, laini na wa kijivu, kama zabibu iliyomenywa. Kinachouvimbisha ni kinga ya mwili yenyewe. Daktari anapoziondoa anafungua njia, sainasi zimwage kamasi na dawa ya kupuliza ifike ndani badala ya kuishia mlangoni.

Mimi nilikuwa sisikii harufu hata kidogo. Nauza omena soko la Kibuye, na wateja ndio walioniambia mzigo umeharibika. Zahanati moja ya mtaani ilinipa antibayotiki kila nilipoenda. Baadaye vidonge vya prednisolone, steroidi ya kushusha uvimbe, vikanizibua, nikanusa chai ya tangawizi, lakini vilipoisha pua ikaziba tena. Na si vya kumeza mwaka mzima: vinapandisha sukari na presha, na kudhoofisha mifupa.

Picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa vipande kwa vipande, ndiyo iliyonishawishi. Daktari alinionyesha: hewa huonekana nyeusi, na kwangu, mashavuni na katikati ya macho, palikuwa kijivu kitupu. Msikubali kuiruka. Kati ya sainasi na jicho kuna mfupa mwembamba sana, na juu kidogo ni ubongo, kwa hiyo lazima ajue njia kabla ya kuingiza kamera. Jicho kuumia au maji ya ubongo kuvuja hutokea mara chache, lakini muulizeni waziwazi, na muulizeni pia amefanya wangapi.

Siku yenyewe haina mengi. Unalazwa usingizi, kila kitu kinapitia matundu ya pua, uso haupasuliwi. Ukiamka unapumua kwa mdomo, koo limekauka.

Kazi ni nyumbani. Asipenge kamasi mpaka daktari aruhusu, na chafya aipige mdomo wazi. Wakimruhusu kuosha pua, chemsha maji yapoe, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe. Ainame juu ya beseni, mdomo wazi, asukume polepole kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Yatatoka magamba ya damu kavu, mengine marefu kama kidole, msiogope. Maji ya mfereji yasiyochemshwa yasiingie puani kabisa. Halafu steroidi ya kupuliza, ncha ielekee upande wa sikio wala si ukuta wa katikati, kila siku, hata akijisikia mzima. Hapo ndipo wengi huacha, na siwalaumu, ni pesa kila mwezi. Ipangieni bajeti kabla ya kuchukua tarehe ya upasuaji.

Harufu yangu ilirudi kidogo kidogo. Dhania ilitangulia, omena ikafuata, na hadi leo nikikaa bila kuosha pua naisikia ikififia.

Kama ana pumu, daktari ajue. Kama aspirini, brufeni au diklofenaki humbana kifua, hilo alitaje mapema zaidi, maana wenye pumu, nyama za pua na tatizo la aspirini kwa pamoja ndio zinaowarudia sana. Nyama zikiwa pua moja tu, kipande lazima kipelekwe maabara kuondoa shaka ya saratani. Na baada ya upasuaji, akiinama yakadondoka puani maji maangavu kama ya kunywa, yasiyokoma, au jicho likivimba, au akianza kuona vitu viwili viwili, mpeleke hospitali usiku uleule.