Mnamkatia nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii: "Anayepakua nyimbo bila kulipia akatiwe intaneti?" Kwanza semeni mnamkatia nani, maana atakayekatiwa ni mwenye laini ya intaneti.

Ufaransa walijaribu. Mwaka 2009 walitaka chombo chao kipya cha kulinda hakimiliki mtandaoni, HADOPI, kiwakatie watu intaneti chenyewe. Juni mwaka huohuo Baraza la Katiba likakataa: intaneti ni sehemu ya uhuru wa mawasiliano, kuizuia ni kazi ya hakimu. Ikabaki ngazi tatu: onyo kwa barua pepe, onyo kwa barua ya rejesta, kisha faili kwa mwendesha mashtaka. Septemba 2012 mtu wa kwanza alipatikana na hatia, seremala. Mkewe, ambaye walikuwa wanaachana, alikiri kwamba nyimbo mbili zilizoleta kesi alizipakua yeye. Seremala mwenyewe alisema kupakua hajui. Akatozwa yuro 150 vilevile, kwani kosa lililoandikwa ni kutolinda laini yake. Julai 2013 adhabu ya kukatiwa, ambayo hakimu alikuwa bado anaweza kuitoa, ikafutwa.

Sasa ileteni hapa Ngamiani, Tanga. Nyumba moja ya wapangaji, ruta moja, wote wanachangia, na nywila imeandikwa kwa chaki koridoni. Nje inaonekana anwani moja ya IP, ile namba inayotambulisha laini mtandaoni. Kwenye bando za simu ni balaa zaidi: kampuni huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo bila saa kamili na namba ya poti (inayotenganisha wateja wa anwani moja) humpati mtu. Utaukatia mtaa mzima.

Hapo nilikuwa upande wa mpakuaji moja kwa moja. Lakini torrenti, njia ambayo watu hupeana mafaili moja kwa moja, si kupakua tu. Faili hukatwa vipande, na kila kipande kikikufikia programu yako huanza kuwagawia wengine papo hapo. Sheria yetu ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 inamwachia mtu nakala ya matumizi yake binafsi. Matumizi binafsi yanaishia pale unapogawa. Na wengi hawajui wanagawa. Kwenye qBittorrent, programu mojawapo ya torrenti, ukiandika 0 kwenye kikomo cha kupakia (kasi ya kuwatumia wengine) ukidhani umefunga, umefungulia bila kikomo. Andika 1 angalau, na faili likikamilika lisimamishe.

Na seremala yule, haki isemwe, alishaonywa kabla ya kufikishwa kortini. Kwa hiyo nabadilika kidogo: kukatiwa, hapana. Faini ndogo kwa mwenye laini aliyeonywa mara mbili asifanye lolote, sawa, mradi onyo limeandikwa Kiswahili, linataja wimbo, saa na poti, na liende kwa mwenye ruta, si kwa anwani ya bando.

Kufanya lolote kwenyewe ni dakika tano: fungua ukurasa wa ruta (mara nyingi 192.168.1.1 au ile iliyobandikwa chini yake), badili nywila ya msimamizi iliyotoka kiwandani, chagua ulinzi wa WPA2, weka nywila mpya ya Wi-Fi. Kisha futa ile chaki.