Nani kapelekewa nini?

Mwalimu mmoja wa baiolojia wa Masasi anaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu homoni na vipokezi vyake, yaani sehemu za seli ambazo homoni hushikamana nazo. Anauliza: asidi amino zikishaungana ndani ya protini, kila moja tuiite "baki" au "salia"? Ameambatisha sentensi yake: "Kubadilika kwa baki moja la asidi amino kunapelekea homoni kushindwa kushikamana na kipokezi."

Swali lako, Mwalimu, halina ugumu. Asidi amino mbili zikiungana, molekuli moja ya maji hutoka. Kinachosalia kwenye mnyororo ndicho unachokitafutia jina. "Baki" ni la Kiarabu, "salia" ni letu la Kibantu, ukoo mmoja na "saza" la kula na kusaza. Mimi nachukua masalia. Mtoto wa Lindi ukimtajia mabaki anaiona mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, ile waliyoichimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na sasa iko Berlin. Hiyo imekufa zamani. Salia la asidi amino liko kazini.

Kinachoniuma ni hilo "kunapelekea".

Huku pwani mama akisema, "Mpelekee bibi yako pweza," mtoto hana la kuuliza. Yupo anayepeleka, yeye mwenyewe. Kipo kinachopelekwa, pweza, anayedondosha maji kikapuni njia nzima. Yupo anayepelekewa, bibi, kakaa barazani Mikindani anasubiri kitoweo. Mwondoe bibi, pweza hana pa kufikia. Mwondoe pweza, bibi atafungua kikapu kitupu. Ile "-e-" ndani ya "pelekea" imewekwa pale kwa ajili ya bibi.

Sasa rudi kwenye sentensi yako. Nani anapeleka? Kubadilika. Kunapeleka nini? Kushindwa. Na homoni ndiyo bibi, imekaa barazani inapokea kushindwa kwake!

Si wewe peke yako. Msimu wa korosho uliopita nilimsikia mtangazaji akisema mvua "imepelekea korosho kuoza", na kesho yake mkulima naye akalirudia mnadani, mtu ambaye nyumbani kwake angesema tu kwamba mvua imeozesha korosho. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Waandishi waliona Kiingereza kinasema jambo fulani linaongoza kwenye jambo jingine, wakalibeba vilevile, na sasa neno la kuazima linamfukuza mwenye nyumba.

Kwenye somo lako hasara ni kubwa zaidi, maana kupeleka kwa kweli kupo. Kongosho hutoa homoni ya insulini, damu huipelekea misuli na ini. Hapo kuna mpelekaji, kitu na mpelekewa, wote watatu. Ukishalitumia neno hilo kwa maana ya kusababisha, mwanafunzi atajuaje lini insulini inasafirishwa na lini inakwama?

"Husababisha" lipo, na halina kosa. Lakini mara nyingi hata hilo halihitajiki, kwa sababu Kiswahili kina "-ki-", silabi moja inayofunga sababu na matokeo. Mvua ikizidi, korosho huoza. Nani ataomba kitenzi kingine hapo?

Basi andika hivi: "Insulini ina asidi amino 51 katika minyororo miwili, A wenye 21 na B wenye 30. Katika mnyororo B, nafasi ya 25 ni ya asidi amino iitwayo fenilalanini. Leusini, asidi amino nyingine, ikikaa mahali pake, insulini hushikamana na kipokezi kwa udhaifu mkubwa." Insulini ya namna hiyo imegunduliwa kwa watu kweli, ikaitwa insulini Chicago. Salia moja kati ya 51, na kipokezi hakiitambui sawasawa.

Ukipenda "mabaki" kuliko "masalia", endelea nayo, sitakuandikia tena. "Kunapelekea" lifute kabla hujatoa nakala.