Bi mkubwa anarudi kwao baada ya miaka 27

Dada yangu, umeuliza utamsafirishaje bi mkubwa kutoka Pemba mpaka Mumbai, miaka 27 tangu aondoke huko kwao, na miguu inamvimba. Kwanza, msimshushe kwenye boti ya Mkoani, bandari ya Pemba, mkampeleka moja kwa moja uwanja wa ndege. Alale Unguja japo usiku mmoja. Mie mama yangu nilimkimbiza hivyo, akafika hoi, viatu havimwingii.

Muulizeni daktari kuhusu soksi za kubana, hasa kama ana presha au sukari. Ndani ya ndege apate kiti cha ukingoni, upande wa njia, anyanyuke kila baada ya saa moja au mbili, na akikaa azungushe vifundo vya miguu. Damu ikituama ndipo inapoganda. Maji anywe, asijinyime kwa kuogopa choo. Kiti cha magurudumu kiombeni siku kadhaa kabla. Dawa zikae mkobani, haluwa iende kwenye begi kubwa.

Kinachonitia huruma zaidi ni kule kufika. Aliowaacha vijana atawakuta na mvi, wengine hawapo tena. Waambie jamaa wasimjazie nyumba siku ya kwanza. Akitaka kulia, mwache alie, nawe kaa karibu naye.