Kushuka baiskeli au kushuka kwa baiskeli?

SWALI: Niliandika tangazo hili: "Nauza baiskeli ya kupanda mlima, ina shokapu mbele na nyuma, nzuri kwa kupanda na kushuka." Rafiki yangu anasema ilitakiwa "ya kupandia mlima". Mwingine anadai "kushuka" kwangu kunamaanisha kuteremka kutoka kwenye baiskeli. Nani kasema kweli? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Rafiki wa kwanza ana hoja, lakini wewe hukukosea. Kauli ya kutendea, yenye kiambishi -i- au -e-, hutuonyesha chombo cha kufanyia kazi: kisu cha kukatia nyama, sufuria ya kupikia wali, kikombe cha kunywea. Kwa kuwa anayepanda ni wewe na baiskeli ni chombo chako, "ya kupandia mlima" imekaa sawasawa. Ila chombo kinapoonekana kufanya kazi chenyewe, Kiswahili hakikatai kitenzi bila kiambishi hicho. Tunasema gari la kubeba mizigo na gari la kubebea mizigo, na hakuna anayeshtuka. Baiskeli nayo hupanda. Waendeshaji husema "hii inapanda vizuri", maana yake gurudumu la mbele halinyanyuki mlima ukiwa mkali, wala shokapu ya nyuma haibonyei ovyo kila unapokanyaga pedali. Mimi ningeandika "ya kupandia", lakini nisingemsahihisha mtu kwa "ya kupanda".

Rafiki wa pili amegusa jambo zito zaidi. Kitenzi "shuka" hutegemea sana kinachokifuata. "Alishuka baiskeli": mguu umegusa ardhi, safari imesimama. "Alishuka mlima kwa baiskeli": yuko juu yake, vidole kwenye breki, anateremka. "Alishuka mlima na baiskeli": hapo msikilizaji anabaki akikisia, kwani huenda jamaa aliikokota mpaka bondeni. Baiskeli za aina yako kwa kawaida huwa na shokapu zinazobonyea kama milimita 120 hadi 150, mbele na nyuma, ili mtu asilazimike kuikokota kwenye mawe na mizizi. Mnunuzi analipia hilo, na neno dogo "kwa" au "na" ndilo linalomwambia.

Tena nyingi zina siti inayoshuka ukibonyeza kitufe kwenye usukani, ili uzito wako ukae chini na nyuma mteremko unapoanza. Ukiitaja hiyo nayo, utakuwa na siti inayoshuka na mtu anayeshuka katika sentensi moja. Ndiyo maana kwa mwendo wa kwenda chini napendelea "kuteremka", kitenzi kilicho jamaa ya "mteremko". Najua wapo wanaoteremka garini pia, kwa hiyo litaje na eneo lenyewe: kuteremka mlima, kuteremka njia ya mawe. Tangazo lako lingesomeka: "Nauza baiskeli ya kupandia na kuteremkia milima, ina shokapu mbele na nyuma."

Hukuuliza kuhusu "kupanda baiskeli" na "kuendesha baiskeli", lakini yanakuja hapa hapa. Aliyekaa kwenye keria amepanda baiskeli; aliyeshika usukani ndiye anayeiendesha. Kwa hiyo "nimeipanda mwaka mmoja tu" si kosa, lakini "nimeiendesha" inaeleza vizuri zaidi, hasa kwa baiskeli isiyo na keria kama yako.

Na shokapu? Iache kwenye ngeli ya I-ZI, pamoja na breki, gia na pedali: shokapu ya nyuma inavuja, shokapu zote mbili zimefanyiwa huduma. "Mashokapu" nalisikia sana gereji, na fundi akilisema namwelewa. Kwenye maandishi halihitajiki, maana "zote mbili" imekwisha kuonyesha wingi.